Lita Tano za Kufika Kasulu

Kwa hesabu, Gharib hakuwa na mpinzani Ujiji nzima, alisema mwenyewe. Ndani ya lori la dawa la kwenda kambi ya wakimbizi Kasulu, alimokuwa utingo, alikaa akiwasikiliza dereva Feliksi na nesi Verediana.

"Nilimwambia karani, lita moja ya mafuta, kilomita tano," Feliksi alilalamika, karatasi mkononi. "Fomu inauliza lita ngapi kwa kilomita mia. Kaandika tano, nikawekewa tano, na Kasulu ni kama kilomita mia!"

"Jamani! Mia gawa kwa tano si ishirini? Na watoto kule wanaharisha, wanaingojea dawa hii."

"Tutaishia Kidahwe, dada, robo tu ya njia."

Gharib akaanza kupendezwa mno na migomba ya njiani. Walipofika Kidahwe lori likakohoa, likazima.

Verediana akamgeukia. "Mdogo wangu, yule niliyemwona ofisini akimjazia karani fomu, akisema tano ni tano tu, si wewe?"