Dada, Jina!

Kwa heshima zote, familia inautangazia uongozi wa hospitali kwamba kuanzia Jumatano, tarehe 9 Juni 2021, marehemu hayupo zamu. Asipigiwe simu kuziba pengo la mtu.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu kati ya saba. Mkunga alichelewa, alikuwa anazalisha nyumba ya pili.

Alimaliza sekondari 1978, akahitimu uuguzi 1982, akapangiwa wodi ya wanaume: vitanda thelathini, wauguzi wawili, mmoja wao daima likizo. Mwaka 1986 aliolewa na fundi saa, aliyerekebisha saa zote mtaani ila ile ya mkewe kurudi nyumbani.

Asubuhi ya tarehe 3 Agosti 1994, akiwa kazini tangu jana yake mchana, alimwinamia seremala wa kitanda cha tisa na sindano ya mgonjwa wa kitanda cha sita. Mzee akavuta mkono.

"Binti yangu, hiyo yangu kweli? Hebu niambie kwanza, wewe unaitwa nani?"

Marehemu alifungua kinywa. Jina halikuja. Akaketi pale kitandani, akalia.

Tangu siku hiyo akajiwekea sharti: zikipita saa kumi na mbili kazini, kabla hajagusa dawa, mgonjwa amuulize yeye jina lake. Akisita tu, anaweka funguo za kabati la dawa mezani kwa mganga mkuu, anakwenda kulala. Wodi nzima ikanogewa. "Dada, jina!" walipaza sauti hata wasio na sindano.

Mganga mkuu hakucheka. Alimwandikia barua mbili za onyo. Ya tatu ingemfukuza kazi, na watoto wake watatu walikuwa shuleni.

"Wodi unamwachia nani?"

"Wewe, daktari. Si umelala vizuri?"

Hakuacha. Barua ya tatu haikuja. Walikuja wauguzi wapya wawili.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2019. Alistaafu Machi 2021, akarudi hospitalini Mei, safari hii akiwa amelala yeye.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, na wagonjwa wengi waliopona bila kujua walivyoponea chupuchupu.

Mola amlaze, na asiwepo wa kumwamsha. Mwenyewe aliomba. Siku mbili kabla hajafariki, mganga mkuu wa sasa alisimama miguuni pake, akakohoa, akasoma cheti: "Kwa Muuguzi Asiyejua Kuchoka."

Marehemu akamtazama.

"Nimechoka, daktari."