Recheli Bundala wa Upande wa Jua

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani zetu wa Ipuli, na ninyi mliofunga maduka yenu asubuhi hii mkaja kukaa nasi, nawasalimu kwa niaba ya familia, na kwa wote mlio wakubwa kwangu, shikamooni. Mimi ni Agnetha, mtoto wa pili wa marehemu, nami ndiye niliyepewa kazi ya kuwasomea maisha ya mama yetu, na wakati naandika nilicheka mara nyingi kuliko nilivyolia, kwa hiyo mkiniona natabasamu msidhani nimesahau tuko wapi.

Mama yetu, Recheli Bundala, alizaliwa tarehe 9 Juni 1957 katika kijiji kilicho jirani na Isikizya, wilaya ya Uyui, akiwa mtoto wa nne wa mzee Bundala Kasonta na mkewe Agnetha, ambaye nimerithi jina lake, na alibatizwa katika Kanisa la Moravian mwaka huohuo. Alimkuta hai babu yake, mzee Kasonta, ambaye ujanani alibeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka Tabora hadi Bagamoyo, na mzee huyo alikuwa akiwaambia wajukuu kwamba uzito wa pembe aliusahau mara tu alipoutua, lakini kuitwa mshenzi na watu wa pwani, yeye aliyewaletea mali begani, hakukusahau mpaka uzee wake. Mama alikuwa darasa la pili mzee alipofariki, na maneno hayo alikuwa nayo maisha yake yote.

Alianza elimu ya msingi mwaka 1966 na kuhitimu mwaka 1972, akaendelea na sekondari hapa Tabora mjini hadi kidato cha nne mwaka 1976, na mwaka 1977 aliajiriwa na shirika la reli kama karani wa kituo, kisha akapewa kipaza sauti atangaze treni zinazoingia na kutoka. Wengi wenu mlimjua kwa sauti kabla ya sura, kwa sababu yeye ndiye aliyewaambia treni ya Kigoma imechelewa, na aliwaambia kwa namna ambayo hakuna aliyethubutu kulalamika.

Hapo kituoni alikutana na fundi wa injini, Damas Kasimiri, baba yetu, wakafunga ndoa tarehe 12 Septemba 1981, na Mungu akawajalia watoto watatu, kaka yetu Valentino aliyezaliwa 1982, mimi niliyezaliwa 1985, na Octavian aliyezaliwa 1990. Mwaka 2003 Mama na wenzake wengi walipunguzwa kazini, na mwaka uliofuata yeye na Baba walifungua kibanda umiza hapahapa Ipuli, benchi za mbao, televisheni moja kubwa na king'amuzi, ambako vijana wa mtaa walikuja kuangalia mpira wa Ulaya, na ambako Mama, aliyekuwa haujui mpira hata kidogo, aliupenda kuliko sisi wote.

Aliipenda zaidi timu yetu ya Nyuki, akawa haikosi uwanjani, na alikaa upande wa jua, kwenye ngazi za saruji zisizo na paa, pamoja na mafundi, wauza mboga na waendesha bodaboda. Wakati huo winga wa kushoto wa Nyuki alikuwa Kabir, mtoto wa mzee Fakhrudin mwenye duka la vifaa vya ujenzi, kijana aliyezaliwa hapa na kukulia hapa, anayeamkia watu kwa Kinyamwezi kisicho na mawaa. Akifunga, upande wa jua ulimwita Kabir wetu, lakini akikosa, ulimwita kwa neno la kuwakebehi watu wenye asili ya Kihindi, neno ambalo Mama alikataza lisitamkwe nyumbani kwake, na hata mimi leo sitalitamka mbele yake.

Jumamosi tarehe 10 Novemba 2012 Kabir alikosa penalti, na upande wa jua ukaliimba neno hilo kwa ngoma mpaka filimbi ya mwisho. Aliyepiga ngoma ni Mustafa, fundi pikipiki, ambaye leo ni mwenyekiti wa tawi letu la mashabiki wa Nyuki, na nataka mjue kwamba sijamtaja kwa kumvizia, ni yeye mwenyewe aliyekuja kuniomba nisimfiche.

Kesho yake, Jumapili alasiri, kibanda kilijaa mpaka mlangoni, na katika mechi iliyokuwa ikionyeshwa kutoka Ulaya mashabiki wakaanza kumtolea mchezaji mmoja mweusi mlio wa nyani kila alipogusa mpira. Kibanda kizima kilishikwa na uchungu, wapo waliofuta machozi, Mustafa akasimama na kusema watu wale hawana utu, na hapo ndipo Mama alipokwenda mbele akazima televisheni, mechi ikiwa katikati.

Akawaambia, "Jana mlimfanyia Kabir. Leo kinachowauma ni nini?"

Kulikuwa na kelele nyingi, lakini kijana mmoja alijibu jambo ambalo Mama hakulipuuza, kwamba Wahindi nao wana maneno yao ya kutuita sisi, wanayatumia madukani kwa wapagazi na wasaidizi wao, na hakuna anayewazimia televisheni. Mama alimjibu kwamba la madukani atalipeleka madukani, ila yeye yuko kibandani kwake, na kwake analisema la kwake. Televisheni haikuwashwa tena siku hiyo, na wiki iliyofuata vijana wote walihamia kibanda kingine, wakaandika ukutani kwetu kwa mkaa kwamba hapa ni kwa mke wa Mhindi. Baba alifuta yale maandishi, akafagia, akakaa benchi la mbele peke yake na kuangalia mpira na mke wake, na alipoulizwa na majirani kama haoni hasara, alisema tangu kibanda kifunguliwe hajawahi kuona mpira vizuri namna ile.

Siku moja tu baada ya kuzima televisheni, Jumatatu tarehe 12, Mama alitimiza alilosema, akaingia katika duka la mzee Fakhrudin, akamsalimu, akamweleza bila kuzunguka kwamba upande wa jua unatukana, na kwamba dukani nako wanatukana, na neno lenyewe akalitaja. Mzee Fakhrudin alisema neno hilo alilisikia kwa baba yake akalichukua kama mtu anavyochukua kikohozi, na tangu siku hiyo aliwakataza wanawe na makarani wake kulitumia, na wapagazi waliokuwa wakimfanyia kazi, ambao baadhi yao nawaona hapa, wanaweza kulishuhudia hilo. Lakini mkewe, mama Fatmabai, alitokea nyuma ya duka akasema yote hayo ni mazuri, ila yamechelewa, kwa kuwa Kabir ametupa viatu darini na amesema hatacheza tena.

Mama hakuomba aruhusiwe kumbembeleza Kabir, bali alimwambia mama Fatmabai kwamba mechi ijayo ni na timu ya Igunga, na kwamba kama kijana atakubali kucheza hiyo moja tu, basi mama yake naye aje, wakae pamoja upande wa jua. Mama Fatmabai hakuwahi kukanyaga uwanja wa mpira, na alisema hivyo, naye Mama akamjibu kuwa hata yeye zamani hakuwahi, na kuwa ngazi zile zina joto, hivyo aje na kitu cha kukalia.

Kabir alikubali hiyo moja, na Jumamosi tarehe 24 Novemba 2012 wale mama wawili walikwenda, Mama amevaa kitenge chake cha kwaya, mama Fatmabai amevaa rida yake ya rangi ya waridi, vazi lao la kujifunika kichwa hadi miguu, wakakaa katikati kabisa ya upande wa jua, na mimi nilikuwa ngazi moja nyuma yao, na watu walikuwa wakitutazama sisi kuliko mpira. Kipindi cha pili Kabir alipoteza mpira karibu na mstari, Mustafa akainuka na ngoma yake, akalitoa lile neno kwa sauti yote aliyojaliwa, na wachache wakalidaka.

Mama hakupaza sauti, aliita tu kama alivyokuwa akiwaita abiria, "Mustafa, njoo umsalimie mama yake Kabir."

Watu waligeuka, na ngoma ikanyamaza, na Mustafa, ambaye alilelewa vizuri na bibi yake, hakuweza kukataa kumsalimu mtu mzima, akashuka ngazi mbili, akainama na kusema shikamoo.

"Marahaba mwanangu," mama Fatmabai alisema. "Mimi nilimpa jina moja tu, Kabir. Mwite hilo, atasikia."

Mustafa alirudi juu, akakaa, akaitazama ngoma yake kama imebadilika, na dakika kadhaa zikapita upande wa jua ukiwa kimya kama kanisani. Kisha Kabir alipata mpira kule kushoto, na Mustafa akasimama, akapiga mara mbili na kuita Kabir, akapiga tena na kuita Kabir, na ngazi zote zikaitikia, na nilimwona kijana yule kule chini akigeuza kichwa na kututafuta kwa macho. Mechi iliisha bila bao, na sijawahi kuona watu wakitoka uwanjani na sare huku wakiimba namna ile.

Jumapili iliyofuata Mustafa alikuja kibandani mapema, akaleta benchi mbili alizozichonga mwenyewe, na wengine wakamfuata mmoja mmoja, hakuna aliyeomba radhi kwa hotuba, waliingia, wakasalimia, wakakaa, na Mama akawasha televisheni.

Mwezi Januari 2013 wanachama wa tawi walikutana wakakubaliana kwamba atakayemtukana mchezaji kwa rangi yake, kabila lake au asili yake, awe wa kwetu au wa wageni, atatolewa uwanjani na wenzake wenyewe, na wakamchagua Mama kuwa mlezi wa tawi. Wa kwanza kutolewa alikuwa Octavian, kitinda mimba wake, aliyemtukana beki wa wageni kwa weusi wake, na Mama alimshika mkono mwenyewe mpaka getini, akamfungia nje, akarudi kumalizia mechi, na jioni akampikia ugali kwa mlenda na hakulitaja tena. Octavian amecheka niliposema nitalisoma hili, na amesema hakuna somo alilolielewa haraka kama lile.

Mwezi Mei 2014 Nyuki ilipanda daraja, Kabir akiwa nahodha, na siku hiyo vijana waliwapandisha Mama na mama Fatmabai kwenye lori lililoletwa na wenzetu kutoka Igunga, wakawazungusha mji mzima, na Mama akaomba lori lipite ile barabara ya zamani ya misafara inayokwenda upande wa mashariki, ambayo babu yake aliipita akiwa na pembe begani. Akaipita amesimama, kipaza sauti mkononi, akitangaza kwamba treni ya Nyuki imewasili na haijachelewa.

Miaka ilikwenda, mzee Fakhrudin alifariki mwaka 2018 na Mama akakaa na wafiwa mpaka siku ya mwisho, Kabir aliacha kucheza, vijana wapya wakaujaza upande wa jua. Mwezi Machi 2022 ilikuja timu yenye mshambuliaji kutoka Kongo, mtu mweusi sana, na watoto wawili watatu waliokuwa wageni kwenye ngazi zetu wakaanza kumkejeli kwa rangi yake. Mama wakati huo alikuwa akitembea kwa fimbo, na niliona anaitafuta ainuke, lakini kabla hajaishika vijana wa pale walikwisha kuwafikia, wakawaambia kwamba hapa hatuna desturi hiyo, wakawasogeza waketi kati yao, na mchezo ukaendelea. Mama aliiacha fimbo, akarudi kwenye karanga zake, na tulipokuwa tukirudi nyumbani alisema, "Leo nimefurahi, maana sikufanya kitu."

Mwaka 2024 Mama alianza kusumbuliwa na moyo, akatibiwa katika hospitali ya mkoa, akapata nafuu, akaenda uwanjani mara kadhaa akiwa kwenye kiti cha magurudumu kilichobebwa ngazi kwa ngazi na watu ambao hakuwahi kuwaomba. Tarehe 9 Agosti 2025 hali ilibadilika na akalazwa tena, na Jumatatu tarehe 18 Agosti 2025, saa nne asubuhi, alifariki akiwa na Baba pembeni yake, akiwa na umri wa miaka sitini na minane. Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, na kibanda ambacho Octavian amesema hakitafungwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia Mama kwa upole hata alipowaamrisha kama abiria, inawashukuru majirani wa Ipuli kwa maji, kuni na usiku mliokesha nasi, wastaafu wenzake wa reli, wanakwaya, na tawi zima la Nyuki. Tunamshukuru mama Fatmabai, aliyekaa mkekani na wanawake wa nyumba hii tangu Jumatatu, pamoja na binti yake Alifya, na tunamshukuru Kabir aliyesafiri kutoka Mwanza, ambaye yeye na Mustafa watashika jeneza upande wa mbele.

Jambo la mwisho, viongozi wa timu walikuja jana kutuuliza kama mechi ya keshokutwa, Jumamosi, iahirishwe kwa heshima ya marehemu. Baba ameagiza niwajibu hapa mbele ya watu wote, kwamba mechi ichezwe, na upande wa jua ujae.

Mama, Recheli binti Bundala, umetangaza, tumesikia. Pumzika, Mama, kwa amani uliyotufundisha kuishi nayo.