Hodi Tatu, Dereva wa Njia ya Kumi na Nne

Ndugu, majirani na madereva mliofika: mpendwa wetu tunayemzika leo alizaliwa tarehe 11 Juni 1966, mtoto wa tatu kati ya sita, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, ambako baba yake alikuwa mlinzi. Kila sahani ya chakula iliyovuka ua kwenda kwa jirani ilipita mikononi mwake, wala haikufika imepungua, jambo ambalo ndugu zake hatuwezi kujisifia.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kuanzia 1974 hadi 1980, kisha sekondari hadi kidato cha nne mwaka 1984. Jiografia aliifaulu vizuri, hisabati kwa kudra za Mungu. Mwalimu wake alimtabiria kuwa mpima ardhi. Haikuwa hivyo, alijifunza udereva akaajiriwa kuendesha lori la kiwanda kilekile. Baadaye alizoea kusema kwamba ardhi aliipima vilevile, ila kwa tairi.

Alifunga ndoa tarehe 19 Septemba 1998 na fundi cherehani ambaye leo ni mjane wake. Uchumba wao ulianza kwa suruali moja aliyoipeleka kushonwa mara nne. Mara ya nne fundi aliigeuza, akaitazama, akasema, "Kaka, hii haikuchanika. Umeikata kwa wembe." Hakukana. Baada ya miaka tisa ya kungoja walijaliwa mabinti pacha, na tangu hapo hawakuitana kwa majina mengine ila Baba Pacha na Mama Pacha.

Kiwanda kilipofungwa, tarehe 3 Mei 2006 aliingia mkataba na kampuni ya kusambaza vifurushi. Mkataba ulimwita mkandarasi wa kujitegemea. Maneno hayo yanastahili kuelezwa hata mbele ya kaburi, kwa kuwa yalimtawala miaka kumi na saba. Gari lilikuwa lake, mafuta yake, tairi zake. Sare, saa ya kufika ghalani na njia ya kupita vilikuwa vya kampuni. Siku asipoweza kufika, hata kwa ugonjwa, ilimpasa yeye mwenyewe kutafuta mtu wa kushika nafasi yake. Akikosa mara tatu, njia hupewa mwingine. Mapacha walizaliwa yeye akiwa ghorofa ya tatu ya nyumba ya watu, amekumbatia boksi la viatu. Aliitwa mtu huru, lakini uhuru wake haukuwa na ruhusa ya kuumwa.

Madereva walifundishwa kugonga mara moja, kupiga picha kifurushi kikiwa mlangoni, na kuondoka. Yeye alipiga hodi tatu, akangoja. Ndipo alipopata jina la Hodi Tatu. Msimamizi wa ghala alimwuliza siku moja, "Wewe unapeleka vifurushi au unaposa?" Akajibu, "Bosi, hata anayeposa hatupi barua mlangoni akakimbia."

Mwezi Agosti 2022 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akawa anasafishwa damu hospitalini siku tatu kila wiki. Mtu wa kushika njia hakupatikana. Mama Pacha akafunika cherehani, akashika usukani, na mashine ya mkononi ya kusajili vifurushi, yenye jina la mumewe. Marehemu alimwongoza kwa simu, mpira wa kusafishia damu ukiwa mkononi.

"Uko wapi, Mama Pacha?"

"Kwenye geti la bluu."

"Usipite mbele. Yule mbwa hajui kwamba mimi na wewe ni mwili mmoja. Zunguka nyuma, na upaze sauti, mwenye nyumba hasikii vizuri."

"Lala, Baba Pacha."

"Nikilala utapotea."

"Nimepotea tangu ile suruali."

Wenzake walijua, wakanyamaza. Kilichowaponza ni sifa. Januari mwaka huu wa 2024, mteja mmoja, mwalimu mstaafu, aliiandikia kampuni barua ya kumpongeza "yule mama anayepiga hodi kwa adabu kama mumewe." Methali husema mgema akisifiwa, tembo hulitia maji, huyu alisifiwa, akamwagiwa kibuyu kizima. Kampuni iliwaita kwa tuhuma ya udanganyifu na kutangaza nia ya kuichukua njia.

Inafaa isemwe wazi kwamba marehemu hakuogopa kifo. Aliogopa kufa mkewe akiitwa mdanganyifu, na watoto wakiwa hawana njia ya kuwalisha.

Tarehe 6 Februari Mama Pacha alikwenda peke yake. Aliweka mkataba mezani na kufuata mistari kwa kidole, kama afuataye mshono. "Hapa mmesema mume wangu si mfanyakazi wenu. Hapa mmesema atafute mtu. Amenitafuta mimi, na alinitafuta kwa wembe."

"Mama, sisi hatukukusudia hivyo," alisema msimamizi.

"Basi andikeni mlichokusudia."

Asubuhi iliyofuata madereva thelathini na mmoja waliegesha magari uani, wakazima injini. Siku tatu hakikutoka kifurushi. Mazungumzo yalichukua mwezi, na tarehe 12 Machi kampuni ilitia sahihi: mkandarasi mgonjwa au aliyefiwa hatatafuta wa kushika nafasi yake, kampuni itamtafuta, na njia itamngoja mwenyewe. Akifariki, mwenzi wake ataipata kwa jina lake mwenyewe. Ni haki iliyo wazi, na haikupaswa kungoja figo za mtu zife ndipo iandikwe.

Mkewe alimsomea karatasi hiyo kitandani. Akaomba asomewe tena. Kisha akasema, "Basi sasa naweza kuumwa kwa raha zangu," akalala usingizi mzito hadi muuguzi alipomwamsha ale. Hakupiga tena simu ya kuuliza geti lolote. Wiki zile tatu za mwisho alicheka kuliko mwaka mzima uliotangulia. Alifariki tarehe 2 Aprili 2024, saa nne asubuhi, saa ya kazi, mkono wake ukiwa katika mkono wa mkewe, ambaye siku hiyo hakulazimika kuwa barabarani. Tunalia, lakini tunashusha pumzi pia.

Ameacha mjane, mabinti wawili pacha, dada wawili, kaka mmoja, na madereva thelathini na mmoja ambao sasa wanaweza kuugua kama binadamu.

Leo Njia ya Kumi na Nne imetoka ghalani saa moja na nusu, ikiendeshwa na mtu aliyetafutwa na kampuni. Mama Pacha ameketi hapa mstari wa mbele, simu yake imezimwa, na hakuna aliyemwuliza atamtuma nani. Mungu ampe ndugu yetu mapumziko aliyoyapigania, ayapumzike yote, bila kutafuta wa kushika nafasi yake.