Dawa Iko Ndani ya Bihogo

Weye unayekunja pua hapo, kunjua kwanza. Nikisema uchafu wa choo ulitupikia maharagwe wakati vita iko pale kwenye kilima, usiniangalie kama mwalimu anayeangalia mutoto mwongo. Niliyala hayo maharagwe, na yalikuwa matamu kuliko ya kwako.

Shirika moja lilitujengea tangi chini ya udongo nyuma ya nyumba yangu, huku juu ya Rubaya. Choo cha wakimbizi kiliingia humo, na maganda ya jikoni. Agronome, bwana shamba wao, alikuja kutoka Sake na pipa la uji mweusi, akaumwaga ndani, akasema umejaa bakteri, vidudu visivyoonekana kwa macho. Vinakula uchafu, vinajamba gazi, gazi inapita mu mpira mpaka jikoni. Unawasha, moto wa bluu. Na ule uchafu uliokuwa unateremka mpaka kisimani ukaacha kuteremka. Lakini kubwa kuliko yote, wanawake waliacha kwenda msituni kutafuta kuni. Nani alikuwa msituni na bunduki mwaka ule, unajua mwenyewe.

Kisha moto ukazimika. Jean-Bosco, aliyefundishwa na watu wa kuzuia kolera kumwaga klore, dawa ya kuua vidudu, kila mahali penye choo, ndiyo maana tulimwita Docta Klore, alimwaga ndoo nzima mu tangi. Aliua kolera, akaua na wafanyakazi wetu wote, wale bakteri. Tangu hapo tangi lilinuka tu, halikuwaka. Agronome akasema kwa simu: tafuteni bakteri wapya, wanakaa mu tumbo ya ng'ombe. Simu ikakatika.

Ng'ombe pale alikuwa mmoja, Bihogo, wangu, ambaye wenye bunduki walimsahau. Na asubuhi ile mjukuu wangu Vestine alikuwa tayari mlangoni, kamba ya kuni mkononi. Nikamwambia angoje, wazee waongee kwanza; kwao wote mimi ni Koko, yaani bibi. Mvua ilikuwa inapiga, basi walikuwa wameingiza benchi yangu ya barabarani ndani ya nyumba, wakakaa goti kwa goti, kahawa katikati, juu ya makala, makaa yangu ya mwisho.

— Agronome alisema tumbo, akaanza Docta Klore. Tumbo iko ndani ya ng'ombe.

— Usiniangalie hivyo, nikamwambia.

— Koko, siangalie weye. Naangalia dirisha.

Dirishani Bihogo alikuwa chini ya mvua, anatafuna, hana habari.

— Hata hospitali banapasuaka muntu, akasema Mumbere, mwenye duka ng'ambo ya barabara, mutu wa Butembo. Ni operesheni tu. Chumvi nitaleta miye, bure.

— Operesheni inataka chumvi ya nini?

— Ya... ya heshima, Koko.

Hubert akakohoa. Huyu tulimwita Radio, kwa sababu habari za vita zilimfikia kabla vita haijaanza.

— Musikilize. Ng'ombe iko na matumbo ine. Mu ya kwanza iko bakteri basoda tu, bale ba chini. Mu ya ine njo kunakaa etat-major, bale bakubwa ba jeshi. Ukikamata general, tangi yote inawaka.

— Nani alikuambia?

— Nilisikia.

— Ni kweli, akasema Docta. Tena inafaa baingie bangali na joto. Na ile nyama inabafungia hewa. Lazima itoke mbio.

— Itoke iende wapi?

— Itapata njia, Koko.

Mumbere akapiga benchi kwa kofi.

— Muko na bahati! Ziwa Kivu iko na gazi, ao haina? Inatoka wapi? Wakati ya bababu kundi muzima ya ng'ombe ilizama pale Shasha. Ile matumbo njo inachemka chini mpaka leo! Sasa fikirieni tumbo moja mu tangi kadogo kama haka. Tutapikia mpaka Masisi!

— Kichwa iende kwa Docta, akasema Radio.

— Miguu ya nyuma kwa duka, akasema Mumbere.

— Na ulimi apewe Radio, nikasema, wake umechakaa.

Walicheka mpaka benchi ikalia. Mumbere akafuta machozi.

— Tutamuombea misa, Koko.

— Ng'ombe?

— Misa fupi.

Nami nilikuwa nacheka, sikatai. Kisha nikamwona Vestine anajifunga kamba kiunoni. Nikamtazama yeye, nikatazama dirishani. Ng'ombe wengine nilishanyang'anywa, nikaishi. Nikasema:

— Basi. Kisu kiko juu ya kabati.

Hapo ndipo alipoingia Benita, amelowa kama kitambaa cha sahani. Alikuwa mkimbizi mpya, kutoka Buleusa upande wa Walikale, watu wa msitu na mihogo. Nikampa kikombe. Akauliza kisu cha nini. Radio akamweleza yote, na general hakumsahau. Benita akasikiliza vizuri, maana ana adabu.

— Munisamehe, bapapa. Kwetu Buleusa hatufugake ng'ombe, sijue desturi yake. Ile bakteri ya mu tumbo, ng'ombe akienda choo, inabaki ndani yote?

Docta akatazama bati. Mumbere akatazama viatu vyake. Radio akachungulia ndani ya kikombe chake, kama habari iko mule.

— Ao ng'ombe ya kwenu hainyake? akauliza Benita.

Nje, Bihogo akainua mkia.

Vestine ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini. Mavi ya yule ng'ombe nilikuwa natupa mu shamba la viazi kila siku ya Mungu! Vestine akafungua kamba kiunoni, akaitundika ukutani, akachukua koleo. Mimi nikachukua ndoo.

— Koko, akasema Docta kwa sauti ndogo, na kahawa?

— Kahawa imekwisha. Makala vilevile. Ingine itapikwa na gazi, na gazi inataka wakorogaji wa mavi. Koti ziko pale.

— Mu mvua hii? Mavi?

— Bakteri wangali na joto, Docta. Ulisema mwenyewe.

Nikatanguliza Vestine na Benita, nikatoka, nikafunga mlango.