Unga wa Kichina Alioutolea Ushuhuda Dada Consolata

Bwana asifiwe! Na wagonjwa pia wamsifu, maana leo nasimama hapa kwa uchungu. Naitwa Nafula, nasuka nywele saluni pale Ruwi, huku huku ugenini Omani. Wengi mnanijua kama yule wa uso uliofura.

Ndugu zangu, uso ulifura kwa sababu ya vidonge. Damu yangu haigandi vizuri. Nikijigonga kidogo navilia damu, nikipiga mswaki fizi zinavuja. Vidonge vya hospitali vilizuia hayo, lakini nilivichukia! Wateja walikuwa wakiniuliza kama nina mimba.

Basi Ijumaa moja hapa ibadani, Dada Consolata wa mtaa wa Wadi Kabir, ambaye pia alikuwa na ugonjwa wa damu, alisimama mbele yenu na pakiti ya unga wa mitishamba ya Kichina. Alisema amepona. Nyinyi mlipiga makofi, mimi nikapiga vigelegele. Nikaacha vidonge, nikawa nakoroga unga ule kwa maji moto. Na nguvu nilipata, siwadanganyi!

Kisha madoa mekundu yakajaa miguuni. Nikavaa suruali ndefu, nikanyamaza, nikidhani Shetani anaijaribu imani yangu.

Aliyeniokoa ni Consolata mwenyewe. Alinipigia simu kutoka wodini, sauti imekwisha kabisa.

"Nafula, mimi sikupona. Damu inatoka puani, haisimami. Wacha huo unga, enda hospitali saa hii. Ijumaa nitakuja niwaambie wote."

Nililia kwenye teksi njia nzima. Daktari, mama Mwomani ambaye wazazi wake walitoka Unguja, aliigeuzageuza ile pakiti.

"Mwanangu, mie sizidharau dawa za Kichina. Ziko zilopimwa, hata dawa moja ya saratani ya damu imetokea huko huko. Lakini hii haina jina wala kipimo. Pengine wametia dawa ya hospitali kwa siri, ukapata nguvu ukadhani umepona. Na maradhi yako siyo ya mwenzio."

Walinipiga picha ya kichwa, damu haikuwa imevuja ubongoni. Mungu wangu, ilibaki kidogo tu! Lakini Consolata hakutoka wodini. Ijumaa aliyoniahidi tulikuwa tunatafuta njia ya kusafirisha mwili wake nyumbani.

Ndugu zangu, bado ni mgonjwa. Nimerudia vidonge, na uso ndio huu. Namshukuru Yesu kwa kila asubuhi ninayoamka. Mtumainini, na dawa zenu mmeze! Na wewe uliye na ule unga nyumbani kwa sababu ulimsikia Consolata hapa, twende hospitali, nitakusindikiza mwenyewe. Alitaka kuja kuwaambia kwa kinywa chake. Unga ule haukumponya.