Herufi za Mzee Telesphory Luhende, Fundi wa Mabango wa Maili Moja

Baba Paroko, ndugu, majirani wa Mbwawa, na ninyi wa Kisarawe mliotoka kwenu asubuhi na mapema, familia imeniteua mimi Wema, mtoto wa pili wa marehemu, niwasomee maisha ya baba yetu, na kabla sijaanza naomba mnivumilie, kwa sababu kaka yangu Onesmo alitaka ukurasa mmoja tu, lakini humu ndani lipo kosa nililomfanyia baba mbele za watu, na naona si haki azikwe bila mimi kulisema mbele za watu pia.

Marehemu Telesphory Luhende alizaliwa tarehe 5 Januari 1957 huko Sumve, wilaya ya Kwimba, mkoa wa Mwanza, akiwa mtoto wa nne wa mzee Luhende Malale na mama Kabula, akapewa jina la mtakatifu wa siku hiyo, jina lenye l na r kwa pamoja, ambalo yeye mwenyewe hakuwahi kulitamka sawasawa, maana Kisukuma chetu hakina r, na Msukuma wa rika lake akikutana na herufi hiyo huipitisha kwenye l na kuendelea na safari. Kwa hiyo baba alijiita Telesifoli hadi mwisho, na sisi watoto wake tulicheka, naye alituacha tucheke.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Sumve kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, kisha akaenda Mwanza mjini kujifunza kazi ya kuandika mabango, na mwaka 1978 akaja Kibaha kuajiriwa katika kiwanda cha korosho, kazi yake ikiwa kuandika alama kwenye makasha. Tarehe 24 Septemba 1983 alifunga ndoa takatifu na mama yetu Bertha Ngonyani, wakati huo muuguzi, na Mungu akawajalia watoto watatu, Onesmo, mimi, na Eugenia, na wajukuu sita. Kiwanda kiliposimama, mwaka 1991 alifungua kibanda chake Maili Moja, na kwa zaidi ya miaka thelathini hakukuwa na saluni, bucha wala gereji mjini hapa ambayo hakuipitishia brashi.

Mwezi Julai mwaka 1995 aliitwa Vihingo, Kisarawe, na Mzee Husseini, ambaye yupo hapa na kama mtani wetu wa Kizaramo ameshatusumbua vya kutosha tangu juzi, amwandikie bango la duka, na baba akaandika kwa herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, herufi nzuri ajabu, DUKA LA LEJALEJA, KALIBUNI WOTE. Mzee Husseini aliliona kosa rangi ikiwa bado mbichi, lakini alikataa lirekebishwe, akasema Msukuma amejiandika mwenyewe na yeye hawezi kumfuta, na watu wakawa wanatoka vijiji vya jirani kuja kulisoma bango, wakifika wananunua chumvi.

Kati ya waliokuja kulisoma alikuwemo mwalimu wa hisabati wa kujitolea kutoka Japani, Shinsaku Odagiri, aliyekuwa akifundisha sekondari moja ya Kisarawe, ambaye hakucheka kwa kuwa hakujua pa kuchekea, bali alitoa daftari akayanakili maneno yale yote kama Kiswahili fasaha, akaenda kuwakaribisha wanafunzi wake darasani kwa kalibuni. Siku za likizo alikuja Maili Moja kukaa na baba, wakafundishana brashi, baba akiilaza na kuegemeza mkono kwenye fimbo, Odagiri akiisimamisha wima kama walivyofundishwa kwao, na kwa kuwa lugha yao nayo haitenganishi l na r, mmoja aliita Odagili na mwenzake akajibu Teresufori, wakaelewana kabisa.

Mimi mabango yake sikuyacheka wala sikuelewana nayo. Mwaka 1998 nilikuwa darasa la tano, na mwalimu wetu wa Kiswahili, bila kujua kuwa mwenye kazi ni baba yangu, aliandika ubaoni mfano wa makosa aliouona kwenye bango moja mjini, nami niliufahamu mwandiko huo hata ulipokuwa kwa chaki ya mtu mwingine. Nilifika nyumbani nikalia, baba akaniuliza, nikamwambia, na tangu siku hiyo akaweka utaratibu kwamba hagusi rangi mpaka mteja aandike maneno yake kwenye karatasi, naye anakili herufi moja moja, na kama umekosea wewe basi limekosea bango lako. Nadhani pia ndiyo sababu nikawa mwalimu wa Kiswahili.

Odagiri alirudi kwao akawa msanii mkubwa wa kuchora maandishi, na mwaka 2023 makumbusho ya mji wake wa nyumbani, Tsurumori, ambao baba aliuita Sulumoli, yakaandaa maonyesho ya kazi zake zote, naye akasema hayafunguliwi bila fundi wake kutoka Tanzania kuja kuandika neno la mlangoni. Tulisafiri wawili, baba akiwa na umri wa miaka sitini na sita, brashi zake akazifunga ndani ya kanga ya mama. Ndani ya makumbusho tulikuta turubai ndefu kuliko ukuta wa kanisa hili, zote zimejaa herufi za Kisarawe na Maili Moja, na duka la Mzee Husseini lipo pale, limechorwa pamoja na chumvi yake.

Alhamisi tarehe 8 Juni, siku mbili kabla ya ufunguzi, baba aliandika kwa penseli KALIBUNI juu ya mlango mkuu, herufi moja ikilingana na mtoto wa miaka saba, na kwa furaha ya siku ile akasahau utaratibu wake wa karatasi. Dada mmoja mkalimani, aliyesoma Kiswahili chuoni, akafungua kamusi, wakubwa wa makumbusho wakakusanyika, na wakaniuliza mimi, kwa kuwa ni mwalimu na ni mtoto wake, neno lile ni sahihi au si sahihi. Nilijibu kwamba si sahihi, na ningeishia hapo ingetosha, lakini nikaongeza kuwa baba hajui kuandika, amekuwa akikosea hivyo maisha yake yote na sisi tunamvumilia. Nilisema kwa Kiswahili, nikisubiri litafsiriwe, na baba alikuwa juu ya ngazi, akanisikia kabla yao.

Alishuka taratibu, akafuta mikono, hakunitazama. Akamwomba Odagiri karatasi na kalamu, akamwambia kuwa bango ni la mteja, aandike mwenyewe anachotaka, yeye atanakili. Odagiri aliinama mbele yake muda mrefu, kisha akaandika KALIBUNI, akawaeleza wakubwa wa makumbusho kwamba hivyo ndivyo alivyokaribishwa Kisarawe akiwa kijana mgeni asiyemjua mtu, na kwamba ikibadilishwa hata herufi moja, basi atakuwa amekaribishwa na mtu mwingine. Baba akapanda tena, akanakili. Jumamosi wazee wa Tsurumori waliingia wakilisoma kwa sauti, na sauti iliyowatoka haikuwa l wala r, ilikuwa katikati, na mimi na cheti changu nilisimama pembeni nikikosa wa kumsahihisha. Niliona aibu, na siyo ile ya darasa la tano.

Baba hakulitaja jambo lile, wala mimi sikuwa na ujasiri wa kulitaja, mpaka Agosti mwaka jana nilipohamia nyumba yangu hapa Mbwawa na kumwomba aniandikie mlangoni. Akadai karatasi, nikaandika KALIBU, maana huko ndiko kuomba msamaha nilikokuweza. Aliishika karatasi ile mbali na macho, kisha karibu, akaniambia, "Mwalimu, hapa umekosea helufi," akachukua brashi akaandika KARIBU, yenye R yenye mguu mrefu, na aliponiambia kuwa alikuwa ameifanyia mazoezi nyuma ya kibanda siku kadhaa, nilimkumbatia nikaharibu rangi, ndiyo maana B ya mlango wangu ina alama ya bega.

Mwezi Oktoba 2024 miguu ilianza kumvimba, akapelekwa hospitali ya Tumbi ambako ilibainika moyo umetanuka, akatibiwa kwa kulazwa na kuruhusiwa mara tatu, na Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa nne asubuhi, mama akiwa ameshika mkono wake, akafariki dunia akiwa na miaka sitini na nane. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Mbwawa kwa maji, kuni na viti, mafundi wenzake wa Maili Moja waliofunga vibanda siku tatu, Mzee Husseini na watani wote, na Mwalimu Odagiri aliyetuma salamu kwa Kiswahili, nami sikusahihisha kitu.

Wiki ya mwisho nilimuuliza, katika kazi zote, ni ipi aliyoipenda zaidi, nikitegemea ataitaja Japani. Akasema ni misalaba ya makaburini, aliyowaandikia wenzake bure, kwa sababu chini ya kila jina huwa kuna maneno matatu ambayo hayana r wala l, na hapo tu ndipo mkono wake ulipokuwa haumwogopi mtu. Msalaba wake nimeuandika mimi, baba, nimenakili herufi zako, na nilipofika kwenye hayo matatu mkono ulitulia.

Pumzika kwa amani.