Springi za Watu Saba

Benchi letu liko Namatala, Mbale, ubavuni mwa duka la ushonaji la Siraj, nalo linatosha watu wanne kama hakuna aliyenenepa. Siraj tunamwita Mita, kwa sababu utepe wa kupimia hautoki shingoni mwake hata akienda msikitini. Muzafaru ni Redio, na sababu utaisikia mwenyewe. Kahawa ni ya Juwairiya, ina tangawizi ya kumwamsha mtu pamoja na hasira zake za jana. Siku hiyo, saa nne asubuhi, Ukasha alifika na Land Cruiser yake ya zamani, akitoka Jinja ambako ilikuwa imelala gereji siku tatu. Huyu tunamwita Afande, ingawa askari alikuwa babu yake, mpiga tarumbeta wa jeshi la Mwingereza. Alizima injini akashuka kwa kuruka, maana ardhi ilikuwa mbali kuliko alivyozoea. Tulisahau kumsalimia. Tulikuwa tunalitazama gari. Mbele lilikuwa limeinuka kidogo, na nyuma limeinuka mno, kama mtu aliyesujudu.

Redio: Afande, gari inaswali?

Mita: Na kibla imekosa.

Ukasha: Chekeni tu. Hizo ni springi mpya, ndefu. Fundi Griffin ameng'oa zote nne za zamani. Sasa mawe ya Bududa haigusi tumbo tena.

Mita aliinuka na utepe wake, akapima kutoka ardhini hadi kwenye bodi juu ya tairi, mbele kisha nyuma.

Mita: Nyuma imezidi inchi tatu na nusu. Ingekuwa suruali, mimi ningeifumua.

Kwa nini Ukasha alitaka gari refu, sote tulijua. Mkewe, Namwase, alipanda milimani Bududa miaka miwili iliyopita kumuuguza mama yake. Mama alifariki, Namwase akabaki. Hawakugombana. Ukasha alipomfuata alipikiwa vizuri, akapewa mkungu wa ndizi wa kushuka nao, na neno moja: siku watoto wetu wote watano watakapokuja pamoja kunichukua, nitashuka. Lakini Madinah yuko Muscat, Magid anaendesha lori huko Juba, na wale watatu wa Kampala kila Idi wanasema Idi ijayo. Mara ya mwisho walipopanda wote, kabla ya hayo, gari lilikwaruza mawe njia nzima, na watoto wakamalizia mlima kwa miguu wakinung'unika. Ukasha aliamini manung'uniko yale ndiyo yaliyowachelewesha.

Redio: Mimi najua. Fundi amechanganya. Za nyuma ameweka mbele, za mbele ameweka nyuma.

Mita: Hapana bwana. Hii ni chuma ya lori. Imekataa kubeba gari ndogo, inaona haya.

Redio: Au imetengenezwa Jinja kwenye bwawa la umeme. Chuma ya pale inakunywa umeme. Ngoja umeme ukatike, utaona inashuka.

Mita: Wewe! Umeme ukikatika si kila gari ya Jinja ingelala chini?

Redio: Kwani hujaziona zimelala?

Juwairiya: Wallahi nyinyi mnamaliza kahawa yangu bure. Si mpigie fundi simu?

Ukasha alipiga, akaweka sauti juu ili tusikie sote.

Griffin: Mzee, umefika?

Ukasha: Nimefika, lakini gari imeinua matako. Benchi nzima inacheka.

Griffin: Uliniambia watu saba na mizigo yao. Nimekufungia springi za watu saba. Hiyo gari haina ubaya, Mzee. Iko tupu.

Redio alikwenda dirishani mwa gari, akahesabu viti.

Griffin: Hapa niko na ingine, ndefu vilevile lakini laini, za mtu anayetembea peke yake. Ukitaka, rudi nikubadilishie. Ila kuna mtu wa Mpumudde anakuja kuzichukua. Nipigie kabla hajafika.

Ukasha aliweka simu mfukoni. Alilitazama gari jinsi mtu anavyoitazama nyumba aliyojenga kubwa.

Juwairiya: Chukua laini, Mzee. Siku zote wewe unaendesha peke yako. Mgongo wako utapona.

Ukasha: Na ile siku yenyewe?

Juwairiya: Ile siku mtakwenda polepole.

Ukasha: Tulikwenda polepole. Mwanangu Mubaraka alisema, baba, hii gari imechoka kutubeba. Nilisikia.

Mita: Weka magunia ya mchanga nyuma. Itashuka.

Ukasha: Mchanga utaniita baba?

Hapo Redio, ambaye hawezi kuvumilia kimya, alisema tuingie sisi, tuone kama fundi amesema kweli. Tuliingia. Mimi na Redio tulikaa kiti cha katikati, Mita akapanda nyuma kabisa, Ukasha akashika usukani. Kiti kilicho kando yake kilibaki wazi. Hakuna aliyekatazwa kukikalia, na hakuna aliyekigusa.

Redio: Mita, pima!

Mita: Nitapimaje niko ndani?

Redio: Toka.

Mita alitoka, gari likapanda. Aliingia, likashuka. Alitoka tena.

Mita: Mimi nikipima inakuwa uongo, nisipopima hatujui.

Juwairiya alimimina kahawa nusu kikombe, akaikabidhi kwa Ukasha aiweke sakafuni, pale palipo bapa. Mita akarudi ndani. Kahawa ilikuwa imeinama, imejaa upande wa mbele.

Redio: Bado kidogo. Tunataka watu wawili.

Tulimtazama Juwairiya.

Juwairiya: Nimeona macho yenu. Hesabuni wawili, sikatai. Mmoja nimemlisha mwenyewe.

Alipanda juu ya kreti ya soda, akaingia akahema, na gari likahema naye. Ukasha aliinama akakitazama kikombe. Kahawa ilikuwa sawa pande zote.

Mita: Ya Allah. Sawasawa kabisa.

Ukasha aliinua macho kwenye kioo cha ndani. Nilikuwa nyuma yake, niliyaona macho yake yakituhesabu, polepole, mmoja mmoja, na kwa muda mfupi sidhani kama alikuwa anatuona sisi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefika. Kisha alitoa simu.

Ukasha: Griffin. Huyo mtu wa Mpumudde, mpe hizo laini. Mimi nabaki na hizi.

Griffin: Una uhakika, Mzee? Zitakupiga ukiwa peke yako.

Ukasha: Wacha zinipige.

Redio alipiga makofi. Mita akasema Afande amefanya vizuri, springi nzuri hainunuliwi mara mbili. Juwairiya akasema yeye hajaona mtu anayechagua kuumwa mgongo, lakini alisema kwa upole, na mkono wake ulikuwa begani mwa Ukasha. Tulibaki tumekaa. Viti vilikuwa vimepata joto, na mawingu juu ya mlima Wanale yalikuwa yanafunguka.

Mwanamke mmoja alikuja kutoka upande wa soko, ana mfuko wa mchele mkono huu na kuku mkono ule. Hatukumjua. Aliona gari limeelekea barabarani, limejaa watu wametulia, akafanya ambalo mtu yeyote wa Mbale angefanya.

Mwanamke: Nakaloke mnafika?

Mita: Hapana nyabo, hii si taksi.

Mwanamke alichungulia ndani. Alitutazama sisi nyuma, akamtazama Ukasha kwenye usukani, akakitazama kiti kilicho wazi kando yake.

Mwanamke: Kumbe mmejaa, imebaki mmoja tu. Mnamngoja nani?

Redio aligeukia dirishani. Juwairiya aliinama akatafuta kifuniko cha birika ambacho kilikuwa mkononi mwake. Ukasha alifungua mdomo kama mtu mwenye jina tayari ulimini, halafu akaendelea kuushika usukani kwa mikono miwili.

Mwanamke aliinua mfuko wake wa mchele, akaondoka na kuku wake. Sisi hatukushuka. Kila mmoja alijua kwamba wa kwanza kushuka ndiye atakayeliinua gari.